Somo kwa Matawi: Ratiba ya King'amuzi na Makosa Yake



Somo hili limeandikwa ili lisomwe kwa sauti katika mkutano wa tawi, halafu lijadiliwe. Msomaji asome sehemu moja, kisha anyamaze kidogo ili wenzake waulize. Kama tawi lina televisheni, ni vizuri zaidi king'amuzi kiwe kimewashwa na rimoti iwe mkononi mwa mwanachama ambaye hajawahi kuishika.

Huenda mtu akauliza: chama cha wafanyakazi kina shughuli gani na ving'amuzi? Kazi yetu si mishahara, saa za kazi na usalama kiwandani? Ndiyo, hiyo ndiyo kazi yetu. Lakini nitaeleza jambo lililotupata hapa mpakani, nanyi mtaamua wenyewe kama linatuhusu au halituhusu.

SEHEMU YA 1: JAMBO LILILOTUPATA

Mwaka 2024, wanachama wa pande zote mbili za mpaka tulipatana kuonana Busia, upande wa Kenya, siku ya tarehe 1 Mei, katika chumba tunachokodi kwa mikutano. Walikuwamo wakata miwa, wapakiaji wa mizigo, na ndugu wanaofanya kazi ya saruji Tororo. Nia yetu ilikuwa kutazama pamoja sherehe za Siku ya Wafanyakazi kutoka Nairobi, maana katika siku hiyo Rais wa Kenya huweza kutangaza nyongeza ya mshahara wa chini.

Jioni ya kuamkia siku hiyo tulimtuma mwenzetu mmoja aangalie katika ratiba ya king'amuzi sherehe zitaanza saa ngapi. Akabonyeza rimoti, akauona mstari wa sherehe, na mbele yake tarakimu hizi: 07:00. Akapeleka habari kwa simu: "Ni saba." Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Waliozoea saa za Kiingereza walielewa kuwa ni saa moja asubuhi. Wakaamka alfajiri, na wale wa Tororo wakasafiri gizani kwa nauli yao wenyewe. Walipofika wakakuta nyimbo na mahubiri. Wakangoja saa nzima, wakangoja na ya pili. Ilipokaribia saa tatu wengi wakaondoka kwenda kulima, maana siku ya mapumziko kwa mfanyakazi ndiyo siku ya shamba lake mwenyewe. Waliozoea saa za Kiswahili walielewa kuwa "saba" ni saa saba mchana. Hao walifika hotuba imekwisha na viti vinakunjwa. Kumbe stesheni ile ilianza kuonyesha sherehe saa nne asubuhi! Waliosikia hotuba kwa masikio yao katika chumba kile walikuwa watu wanne tu.

Mnaona, ndugu? Mstari mmoja ulizaa makosa mawili, na katika yote mawili hapakuwa na saa ya kweli.

Hasara ilionekana kesho yake. Rais alikuwa ametaka mshahara wa chini upandishwe kwa asilimia isiyopungua 6, kwa njia ya mazungumzo ya pande tatu: serikali, waajiri na wafanyakazi. Lakini habari iliyofika shambani kwa mdomo ilikuwa "kumi na sita". Kibarua mmoja kijana akamwendea msimamizi mbele ya wenzake, akadai asilimia 16 yake palepale. Msimamizi akamcheka, akamwita mchochezi, na kijana akakaa nyumbani wiki mbili bila kuitwa kazini. Kila kibarua ajua wiki mbili ni nini: ni unga, ni kodi ya nyumba, ni karo ya mtoto. Tulipokwenda kumtetea tuliingia ofisini na aibu, kwa sababu tarakimu aliyoishika haikuwa ya kweli, na sisi ndio tuliokuwa na wajibu wa kumpa ya kweli.

Tena, hata asilimia 6 haikuwa ya kudaiwa siku ile. Tangazo la jukwaani halijawa sheria mpaka amri ya mishahara ichapishwe katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mtu aliyeisikiliza hotuba yote pamoja na wenzake na kiongozi wa tawi angeelezwa jambo hilo. Mtu aliyepata kipande cha habari njiani hakuweza kulijua.

Ndugu mmoja wa Tororo aliniuliza siku hiyo, "Sisi wa Uganda twasikiliza ya Nairobi kwa nini?" Nikamjibu kwamba kwa upande wetu mshahara wa chini ulioandikwa katika sheria ni shilingi 6,000 kwa mwezi, nao uliwekwa mwaka 1984. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kuubadili utaratibu huo, lakini Rais hakuutia sahihi. Kwa hiyo twasikiliza ya jirani ili tujue yanayowezekana. Atakaye kudai ni lazima ajue cha kudai.

Basi jambo hili latuhusu. Tuendelee na somo.

SEHEMU YA 2: RATIBA HII YATOKA WAPI?

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, na Uganda mwaka 1963. Kwa miaka mingi ratiba ya vipindi ilikuwa nje ya televisheni: ilichapwa gazetini, au mtangazaji aliisoma mwenyewe. Huko Marekani, ambako nyumba nyingi zilivutiwa televisheni kwa waya wa kebo, kampuni ziliweka stesheni nzima mwanzoni mwa miaka ya 1980 isiyoonyesha kitu ila orodha ya vipindi ikipanda polepole kwenye kioo. Aliyekosa mstari wake alingoja orodha izunguke tena.

Mwaka 2006 nchi nyingi zilikutana Geneva, Uswisi, zikapatana kuacha mitambo ya analojia na kuhamia dijitali, na siku ya mwisho kwa nchi nyingi ikawa tarehe 17 Juni 2015. Kenya ilizindua matangazo ya dijitali mwezi wa Desemba 2009, na mitambo ya zamani ikaanza kuzimwa Februari 2015. Wengi mnakumbuka: kulikuwa na mvutano kati ya serikali na wenye stesheni, na kwa muda wa karibu wiki tatu Citizen, NTV na KTN hazikuonekana. Uganda ilizima mitambo ya analojia ya Kampala Juni 2015. Tangu hapo mwenye televisheni ya zamani alilazimika kununua king'amuzi.

Sasa, ratiba huingiaje ndani ya king'amuzi? Watu wa mpakani tutaelewa upesi kwa mfano wa trela. Trela linapofika kituo cha mpaka, ndani mna mizigo ya wenyewe mbalimbali, na dereva ana karatasi inayoeleza kilichomo: hapa sabuni, pale chuma, nyuma mchele. Wimbi la dijitali ni kama trela hilo. Wimbi moja hubeba stesheni nyingi kwa pamoja, na pamoja na picha na sauti hubeba karatasi ya mzigo. Karatasi hiyo ndiyo ratiba. Unapobonyeza kitufe chenye maandishi EPG au GUIDE, king'amuzi hakiangalii mzigo. Kinakusomea karatasi tu.

Karatasi huandikwa na watu. Stesheni huandika vipindi vyake, huvipeleka kwa kampuni yenye mitambo ya kusambaza matangazo, na kampuni huviingiza katika wimbi. Mwandishi akikosea, au akichelewa, au asipopeleka kabisa, mzigo hauwezi kubadilika ili ufanane na karatasi. Mkishika jambo hili moja, mmeshika nusu ya somo.

SEHEMU YA 3: MAKOSA MATANO NA DALILI ZAKE

Fundi mzuri wa mashine hapigi nyundo kabla ya kusikiliza. Kadhalika na king'amuzi: kwanza tutambue dalili.

Kosa la kwanza: saa ya kanda. Wimbi la dijitali hubeba pia saa, lakini ni saa ya dunia inayohesabiwa kutoka Greenwich, Uingereza. Kenya, Uganda na Tanzania ziko mbele ya saa hiyo kwa saa 3. Afrika Kusini iko mbele kwa saa 2, na Nigeria kwa saa 1. Ni lazima king'amuzi kijue kuwa kiko Afrika Mashariki ndipo kiongeze hizo saa 3. Kikiwekwa kwenye sifuri, kila kitu kitarudi nyuma kwa saa 3. Kikiwekwa kama kiko Afrika Kusini, kitarudi nyuma kwa saa 1.

Dalili yake ni kwamba vipindi vyote vya stesheni zote vimekosewa kwa kiasi kilekile. Dawa yake ni rahisi: tazama saa ya king'amuzi, halafu tazama saa ya simu. Zikitofautiana kwa saa kamili, ingia katika menyu, tafuta mahali pa kupanga saa, penye maandishi ya GMT au UTC, uweke +3. Ndivyo ilivyotokea kwetu. Wiki ile kijana mmoja alisaka stesheni upya, na katika kubonyeza akarudisha king'amuzi katika hali ya kiwandani. Saa ikarudi kwenye sifuri. Sherehe za saa nne, yaani 10:00, zikaandikwa 07:00. Saa ya uongo ilikuwa pale pembeni mwa kioo usiku kucha, na hakuna hata mmoja wetu aliyeilinganisha na simu iliyo mfukoni mwake.

Kosa la pili: karatasi haikubadilishwa. Mpira unaingia muda wa nyongeza wa dakika 30, kisha penalti. Rais anahutubia taifa ghafla. Msiba mkubwa unaonyeshwa moja kwa moja. Stesheni imebadilisha mzigo, lakini hakuna aliyebadilisha karatasi. Dalili yake: saa ya king'amuzi ni sahihi, stesheni nyingine ziko sawa, ila stesheni moja inaonyesha kisichoandikwa. Hapa usiguse mipangilio ya king'amuzi chako! Wengi huharibu kilicho kizima kwa kutafuta kosa lililo studioni. Mara nyingi matangazo ya moja kwa moja ndiyo yanayokosewa, na kwa bahati mbaya hayo ndiyo yanayomhusu mfanyakazi zaidi. Kwa hiyo siku ya tukio kubwa, fungua stesheni yenyewe uangalie kwa macho.

Kosa la tatu: ratiba tupu. Unabonyeza, kioo kinasema hakuna habari. Sababu zaweza kuwa nne. Huenda stesheni haikupeleka karatasi. Huenda umeme ulikatika, na king'amuzi kimesahau kilichokuwa nacho. Hapo kipe dakika kadhaa kiikusanye karatasi upya, maana hurushwa kipande kwa kipande, tena na tena. Huenda stesheni unayoitaka iko katika wimbi jingine, na king'amuzi husoma vizuri karatasi ya wimbi lililo wazi sasa. Hapo nenda kwenye stesheni hiyo, ungoje kidogo, kisha ubonyeze tena. Na huenda antena imegeuka kwa upepo, mawimbi yakawa dhaifu. Dalili yake ni kwamba hata picha inakatikakatika.

Kosa la nne ni letu sisi watu wa mpakani. Busia ni miji miwili yenye jina moja, na mawimbi hayapangi foleni katika kituo cha forodha. Antena moja yaweza kupokea mitambo ya Kenya na ya Uganda pamoja. Unaposaka stesheni, king'amuzi huokota yote. Kila mtandao una nambari zake za stesheni, na nambari hizo hugongana. King'amuzi hubakiza moja mahali pake na nyingine huitupa mbali mwishoni mwa orodha. Tena waweza kupata stesheni moja mara mbili: moja yenye nguvu na ratiba kamili, nyingine dhaifu na ratiba tupu. Mtu anafungua ile dhaifu kila siku na kulalamika, kumbe nzuri iko chini. Dawa: pitieni orodha yote pamoja, mfute zile dhaifu zilizorudiwa, na mwandike nambari za stesheni muhimu katika karatasi ya kubandika ukutani. Kumbukeni pia kwamba king'amuzi cha kulipia kilichosajiliwa nchi moja hakifungui stesheni zilizofungwa za mtandao wa nchi ya pili, hata kama majina yake yanaonekana.

Kosa la tano ni la mali yetu, kwa hiyo lisikilizwe vizuri. Katika ving'amuzi vingi vya kulipia, ratiba huonyesha vipindi vya stesheni zote, zile ulizolipia na zile usizolipia. Mtu anaona mechi imeandikwa, anakimbia kulipia kifurushi cha wiki, halafu akifungua anaambiwa stesheni hiyo ni ya kifurushi cha juu zaidi. Hela imekwenda na mechi haipo. Ratiba si mkataba. Kabla ya kulipa, uliza kwa jina: "Stesheni hii imo katika kifurushi hiki?" Mfanyakazi asiyetia sahihi mkataba wa kazi bila kuusoma, asilipie kifurushi bila kuuliza.

Tuongeze neno juu ya waya. Kama mnavutiwa picha kwa waya kutoka kwa mtu mwenye king'amuzi kimoja anayegawia majirani, msitafute ratiba katika televisheni zenu. Waya huo huleta picha na sauti tu. Karatasi ya mzigo imebaki kwa mwenye king'amuzi, na stesheni huchaguliwa na yeye.

SEHEMU YA 4: KUSOMA SAA ZA KIOO

Hapa ndipo penye kosa ambalo si la mashine wala la stesheni. Ni letu. Sisi twahesabu saa tangu jua linapochomoza, na ratiba huhesabu tangu usiku wa manane, mpaka 23. Mtu mwenye elimu kama yangu, niliyeishia darasa la saba, asione haya kujifunza hesabu hii. Ni fupi:

Kuanzia 00 hadi 06, ongeza 6. Kwa mfano 05:00 ni saa kumi na moja alfajiri.

Kuanzia 07 hadi 18, toa 6. Kwa mfano 10:00 ni saa nne asubuhi, na 13:00 ni saa saba mchana.

Kuanzia 19 hadi 23, toa 18. Kwa mfano 19:00 ni saa moja jioni, ambayo kwa Kenya ni saa ya taarifa ya habari kwa Kiswahili katika stesheni kubwa. Na 21:00 ni saa tatu usiku, saa ya habari za Kiingereza.

Ving'amuzi vingine haviandiki mpaka 23, bali huandika AM na PM. AM ni kuanzia usiku wa manane hadi kabla ya adhuhuri; PM ni kuanzia adhuhuri hadi kabla ya usiku wa manane. Basi 7:00 PM ni saa moja jioni.

Kanuni ya tawi letu tangu siku ile ni hii: saa ya mkutano haitajwi kwa tarakimu peke yake. Husemwa kwa maneno kamili pamoja na sehemu ya siku: "saa nne asubuhi." Aliyepokea ujumbe huurudia. Kama mwenzetu angesema "saa moja asubuhi" badala ya "saba", nusu ya hasara ingeepukwa, na pengine mtu mmoja angeuliza mbona mapema hivyo.

Ndugu wa zamu ya usiku wanahitaji hesabu hii zaidi kuliko wote. Wao hutegemea kikumbusho cha king'amuzi, au hurekodi kipindi ikiwa king'amuzi chao kina uwezo huo. Lakini kikumbusho hufuata saa ya king'amuzi na karatasi ya ratiba. Saa ikiwa ya uongo, mtu atarekodi kipindi kingine. Kipindi kikichelewa, atakuta mwanzo upo na mwisho umekatwa. Anayerekodi jambo la maana aanze nusu saa kabla na amalize saa moja baada ya muda ulioandikwa, na amwombe mtu wa nyumbani aangalie. Tena, kikumbusho chaweza kubadilisha stesheni chenyewe wakati wengine wanatazama. Kabla ya mkutano, futeni vikumbusho vyote.

SEHEMU YA 5: NAMNA YA KULALAMIKA

Kosa likiwa la saa ya kanda au la kusaka stesheni, tutalirekebisha wenyewe. Likiwa la stesheni au la kampuni, tulalamike, lakini tulalamike kama wanachama wa chama, si kama mtu anayegombana na kioo.

Kwanza, andikeni. Tarehe, saa, jina la stesheni, kilichoandikwa katika ratiba, na kilichoonyeshwa. Pigeni picha ya kioo kwa simu. Mara moja ni bahati mbaya. Mara tano katika mwezi mmoja ni ushahidi.

Pili, pelekeni kwa anayehusika. Ratiba ya stesheni moja ikikosewa kila siku, mwandikieni mwenye stesheni. Ikiwa ratiba yote ni tupu au mmelipia msichokipata, mwandikieni mwenye king'amuzi, mkitaja nambari ya king'amuzi, na mdai nambari ya malalamiko.

Tatu, msipojibiwa, kila nchi ina msimamizi wa mawasiliano. Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano. Uganda ni Tume ya Mawasiliano ya Uganda. Hapa mpakani watu hukosea mlango. Lalamikeni katika nchi ambamo king'amuzi kilisajiliwa na malipo hufanywa, hata kama mwenye nacho analala ng'ambo ya pili.

Nne, tieni sahihi kwa pamoja. Barua ya mtu mmoja aliyekosa mechi huwekwa kando. Barua ya tawi yenye majina 40, tarehe na picha ni vigumu kuiweka kando. Jambo hili mlikwisha kulijua kwa mwajiri, ni lilelile.

SEHEMU YA 6: KANUNI ZA TAWI

Baada ya mambo ya mwaka ule tulikaa, tukapatana kanuni chache. Nazitoa hapa ili matawi mengine yachukue yanayowafaa.

1. Wanachama wawili, mwanamume na mwanamke, ndio wenye dhamana ya king'amuzi. Wengine wasirudishe mipangilio ya kiwandani.

2. Siku moja kabla ya tukio, saa ya king'amuzi hulinganishwa na simu mbili, na stesheni mbili hujaribiwa.

3. Redio yenye betri huwekwa tayari. Redio haina ratiba kwenye kioo, lakini umeme ukikatika yenyewe husema.

4. Wakati wa hotuba, watu wawili huandika tarakimu, kila mtu peke yake. Hotuba ikiisha hulinganisha. Tarakimu isiyofanana haitoki chumbani mpaka ithibitishwe.

5. Habari ya mshahara hupelekwa shambani na kiwandani na kiongozi wa tawi, pamoja na maneno haya: "Hili ni tangazo. Tutawajulisha litakapochapishwa kuwa sheria."

Yule kijana wa asilimia 16 alirudi kazini baada ya mazungumzo marefu. Siku hizi yeye ni mmoja wa wale wawili wanaoandika tarakimu. Hakuombwa, alijitolea mwenyewe. Na kila mara kabla ya kuandika, hutoa simu yake mfukoni, akaitazama, kisha akatazama pembe ya kioo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Ratiba inaonyesha 16:00. Hiyo ni saa ngapi kwa saa zetu? Na kama saa ya king'amuzi iko nyuma kwa saa 3, kipindi kitaanza hasa saa ngapi?

2. Stesheni moja inaonyesha mazishi badala ya kipindi kilichoandikwa, lakini stesheni nyingine ziko sawa. Je, mtaingia katika menyu ya king'amuzi? Kwa nini?

3. Mwanachama anaishi Busia, Uganda, na king'amuzi chake kilisajiliwa Kenya. Atalalamika wapi?

4. Katika tawi lenu, habari ya nyongeza ya mshahara hufikaje kwa vibarua? Ni nani anayehakikisha kuwa tarakimu ni ya kweli kabla mtu hajaipeleka kwa msimamizi?

5. Nani katika tawi lenu hajawahi kushika rimoti? Mpeni sasa, abonyeze ratiba, na awasomee wenzake vipindi vya jioni ya leo kwa saa za Kiswahili.

Umoja ni nguvu, ndugu zangu.